Programu huria nazipenda, ila siziamini tena kichwa kichwa

Asubuhi moja nimeamka nikakuta seva yangu imekuwa nzito kama imebeba mawe, kila amri nikiandika inakaa sekunde kadhaa ndo ijibu. Nikafungua top, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, kuona nani anakula CPU (kichakataji), nakuta prosesi inaitwa kdevtmpfsi iko juu kabisa inakaribia asilimia 100. Jina ukilisoma haraka unadhani ni kitu halali cha Linux, maana kweli kipo kinachoitwa kdevtmpfs, tofauti ni hiyo "i" ya mwisho tu. Nikaiua. Dakika haikuisha imerudi. Nikaiua tena imerudi tena, kumbe kuna kazi imepachikwa kwenye cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, inaishusha upya kila ikifa. Ilikuwa ni programu ya kuchimba Monero, sarafu ya kidijitali, yaani kuna mtu simjui hanijui anatumia seva ninayoilipia mimi kujitengenezea hela zake, na alifanya hivo usiku mimi nimelala.

Aliingiaje? Nilikuwa na hifadhidata ndani ya kontena ya Docker (programu inayoendesha programu nyingine kila moja kwenye chumba chake), haina paswedi, nikajisemea haina neno kwa sababu fayawoli ya ufw, ukuta wa kuzuia wageni wa mtandao, nimeiwasha na nimefunga kila kitu isipokuwa porti 3 (milango ya mtandao) ninazozihitaji. Sasa hapa wadau someni polepole. Docker ukiiambia ifungue porti inaandika sheria zake yenyewe moja kwa moja kwenye iptables, ambako Linux inaweka sheria za fayawoli, ufw haiulizwi, kwa hiyo ufw status inakuonyesha mlango umefungwa huku dunia nzima inapita. Na wala sio siri, limeandikwa kwenye maelezo yao, mimi ndo sikusoma, kosa ni langu. Dawa yake ni herufi chache tu, badala ya kuandika 8080:80 unaandika 127.0.0.1:8080:80, basi porti inasikiliza ndani ya mashine peke yake. Na usiiamini fayawoli kwa maneno yake, toka nje kabisa, tumia mtandao mwingine, piga nmap, programu ya kukagua porti, kwenye anwani ya seva yako uone mgeni anaona nini. Nilipofanya hivo kwa mara ya kwanza niliona aibu.

Ile seva niliifuta yote nikaanza upya. Kuna watu watakwambia futa hiyo prosesi, safisha cron, badilisha paswedi, endelea. Mimi sikushauri, mtu akishakaa ndani kwako usiku kucha hujui ameacha ufunguo wapi.

Ila kilichoniuma zaidi sio seva, ni akili niliyokuwa nayo. Nilikuwa najiona niko salama kwa sababu kila kitu nilichokuwa nacho ni programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na nilikuwa nawacheka wanaotumia programu za kufungiwa. Hoja yangu ilikuwa ile ile inayorudiwa kila siku, kwamba msimbo ukiwa wazi watu wengi wanausoma, kwa hiyo mabaya yataonekana. Wanaruhusiwa kuusoma, hilo kweli. Wanausoma? Hebu jiulize wewe mwenyewe, mara ya mwisho kusoma msimbo wa kitu ulichokiinstoli ilikuwa lini? Mimi jibu langu ni karibu kamwe, na nahisi na jirani yangu hivo hivo, kila mmoja anadhani mwenzake kashasoma.

Mfano ninaourudia sana ni wa XZ Utils. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko karibu kila mahali palipo na Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bure, muda wake wa ziada. Mwaka 2021 akatokea mtu anajiita Jia Tan akaanza kuchangia, kazi nzuri tu, anarekebisha hiki anaongeza kile. Mwaka 2022 zikaanza kuja barua za watu wengine wasiojulikana wanamlalamikia Collin mbona unachelewa, mbona huupi mradi watu wenye nguvu, na yeye akawakumbusha kwamba hii ni kazi ya mapenzi isiyolipwa. Taratibu Jia Tan akapewa mamlaka. Alafu mwanzoni mwa 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa nyuma, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuendesha amri anazotaka kwenye seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali.

Tazama ufundi wenyewe sasa. Sehemu kubwa ya ule mlango ilifichwa ndani ya mafaili yanayoitwa ya majaribio, ambayo hakuna mtu anayafungua kwa sababu ni takataka za makusudi, na ile skripti ya kuuamsha haikuwepo kwenye ripo ya git, ghala la wazi la msimbo, ilikuwepo tu kwenye kifurushi cha tar cha toleo, ambacho watengenezaji wa distro (aina za Linux kama Debian) hukitumia. Kwa hiyo hata yule mwenye bidii anayesoma ripo kila siku asingeikuta! Na SSH yenyewe wala haitumii xz, ila distro kadhaa ziliiunganisha na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kwa sababu zao, systemd ikaja na xz mgongoni, ndo njia ikapatikana. Aliyegundua ni Andres Freund, developa wa PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, alikuwa anapima kasi ya mambo yake mengine kabisa akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na CPU inapanda bila sababu, akafukua, tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Nusu sekunde jamani. Mimi nusu sekunde ningesema mtandao leo mbovu nikaenda kunywa maji.

Wapo waliosema hii inathibitisha programu huria ni hatari. Sikubaliani nao, kwa sababu Freund aliweza kufukua kwa kuwa msimbo na vifurushi vilikuwa mbele yake, ingekuwa programu ya kufungiwa angebaki na tikiti ya msaada kwa wateja. Ila pia sikubaliani na waliosema mfumo umefanya kazi yake. Tuliokolewa na mtu mmoja mwenye jicho kali na bahati. Na tulishaonywa mapema, mwaka 2014 wakati wa Heartbleed, udhaifu uliokutwa ndani ya OpenSSL, ndo watu wengi walijua kwamba OpenSSL yenyewe, inayolinda sehemu kubwa sana ya intaneti, ilikuwa inapata michango ya kama dola 2,000 tu kwa mwaka.

Kwa hiyo saivi kabla sijaweka kitu kwenye seva swali langu sio "je ni huria?", nauliza nani anakishika na kinanifikiaje. Naenda kwenye ripo naangalia ni watu wangapi wanaopitisha mabadiliko, mmoja au watano, mara ya mwisho walitoa toleo lini, kuna sehemu ya kuripoti udhaifu kwa siri au wanakwambia andika hadharani, na tatizo la usalama lililopita walilishughulikiaje. Hiyo ya mwisho ndo naipa uzito kuliko zote. Mradi ambao haujawahi kuwa na udhaifu wowote uliotangazwa haunipi amani kabisa, mara nyingi maana yake hakuna aliyetafuta. Nyota za GitHub, zile alama watu wanazoipa miradi kwenye tovuti hiyo ya misimbo, siziangalii, zinanunuliwa.

Kinanifikiaje maana yake kama kipo kwenye ripo za distro nachukua huko, hata kama toleo lao limezeeka kidogo. Zile amri za curl zinazoshusha skripti kutoka mtandaoni alafu unaimwagia moja kwa moja kwenye bash iiendeshe kama root (mwenye mamlaka yote) nimeacha, nikilazimika nashusha skripti kwanza naisoma, na mara mbili nimekuta vitu vilivyonifanya niondoke. Usitafute programu kwa kubonyeza tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji pia, mwaka 2023 kulikuwa na tangazo feki la KeePass, programu ya kutunza paswedi, lenye anwani inayofanana na ya kweli mpaka ukodoe macho ndo uone kinukta chini ya herufi k.

Sasa kuna mambo ya leseni, na hapa nina hasira zangu kidogo. Ukifuatilia habari za hii sekta umeona mchezo unavyokwenda: kampuni inaanzisha mradi huria, sisi tunautumia, tunaripoti hitilafu, tunaandika maelezo, tunausifia bure, ukishakuwa mkubwa wanabadili leseni. Elastic wa programu ya utafutaji walifanya 2021, HashiCorp wakafanya Agosti 2023 na Terraform yao ya kuandaa seva, Redis wa hifadhidata wakafuata Machi 2024. Sababu yao mimi naielewa, makampuni makubwa ya klaudi yanachukua kazi yako yanaiuza na wewe hupati kitu, hiyo inauma kweli. Lakini mbona ulipokuwa unatafuta watumiaji leseni huria ilikuwa tamu? Matokeo yake watu wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huru wakaendelea nalo, ndo zikazaliwa OpenSearch, OpenTofu na Valkey, maana leseni ya toleo lililokwishatoka hainyang'anywi. Baadaye Elastic 2024 na Redis 2025 wakarudisha leseni huria ya AGPL, ila mimi nilishahama na sirudi, kuhama hifadhidata ni kama kuhama nyumba, ukishapanga vyombo huna hamu ya kufunga mizigo tena.

Ninachoangalia siku hizi ni haki za msimbo ziko kwa nani. Mradi ukikutaka usaini mkataba wa kuwapa haki zote kabla hawajapokea hata mstari mmoja wako, jua hiyo kampuni ina uwezo wa kubadili leseni siku yoyote asubuhi. Linux haiwezi kufanya hivo kirahisi kwa sababu haki zimetawanyika kwa maelfu ya watu, na PostgreSQL haina kampuni moja inayoimiliki. Sio kwamba nakataa miradi ya kampuni, natumia kadhaa, ila najua mapema mlango wa kutokea uko wapi.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la apdeti, niweke haraka au nisubiri? Ukweli ni kwamba pande zote mbili zinauma. WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai hela, ilisambaa tarehe 12 Mei 2017 na Microsoft walishatoa kiraka (apdeti ya kuziba udhaifu) katikati ya Machi, waliochelewa karibu miezi miwili ndo walilia. Alafu tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ikaangusha kompyuta kama milioni 8.5 za Windows, na waliolia ni waliopokea haraka. XZ ile ile iliwapata zaidi wanaokimbilia matoleo mapya mapya, walio kwenye Debian imara hawakuguswa. Na Septemba 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi vya npm, ghala la msimbo wa JavaScript, alidanganywa na imeili feki ya kuapdeti uthibitisho wa hatua mbili, vifurushi vyake vinavyopakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki vikatiwa sumu kwa masaa machache.

Mimi nimefika hapa: viraka vya usalama vya distro vinaingia vyenyewe kila siku kwa unattended-upgrades, siviulizi. Laibrari za miradi yangu, yaani vipande vya msimbo wa wengine ninavyovitumia, nazifunga kwenye toleo maalum na mpya nazisubirisha wiki moja hivi, isipokuwa kiraka chenyewe kiwe ni cha udhaifu unaonihusu, hicho hakisubiri. Sio kanuni ya mbinguni, ni mahali nilipopata usingizi. SSH ni kwa ufunguo tu, paswedi nimezima, na vitu vya usimamizi vyote viko nyuma ya WireGuard, mtandao wangu binafsi wa siri (VPN), havionekani kabisa kutoka nje. Ruta badilisha paswedi iliyokuja nayo, Mirai, programu hasidi, mwaka 2016 ilijikusanyia jeshi la vifaa kwa kujaribu orodha fupi tu ya paswedi za kiwandani.

Baada ya haya yote nilikaa nikapitia mradi wangu mmoja nikaorodhesha laibrari zote unazotegemea, na zile ambazo hizo laibrari zinazitegemea. Kazi ya kuchosha, sikudanganyi. Nikakuta moja ina miaka minne haijaguswa, mtunzaji mmoja. Nikamwandikia kwa heshima kumuuliza kama bado yupo. Akajibu baada ya wiki mbili, mstari mmoja na nusu, kwamba alibadili kazi, yeye mwenyewe haitumii tena, na kuna watu wawili asiowajua wameshamuomba awakabidhi ripo. Nikamwomba asiwape kabla hajajua ni akina nani. Alafu nikarudi kuangalia naitumia kwa nini hasa, nakuta naita fanksheni moja tu, ya kupanga tarehe. Jioni hiyo nikaiandika mwenyewe, mistari 20, nikaitoa ile laibrari, na nikamtumia yule jamaa hela kidogo ya asante kwa miaka yote niliyoitumia bila kujua jina lake.