Namba ya kitambulisho inayobadilika njiani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza mfumo wa kumbukumbu za wanachama wa chama cha kuweka na kukopa. Seva imeandikwa kwa Python, ukurasa wa karani kwa JavaScript, na data husafiri kati yao kwa JSON, yaani muundo wa maandishi wa kubebea data. Namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) hutoka kwenye seva zikiwa sahihi, lakini karani huona tarakimu za mwisho zimegeuka sifuri. Mwenzangu anasema dawa ni kuhamia TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript, kwa kuwa hukagua aina za data. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, ingawa mwenzako hajakosea kushuku aina za data. JSON ina aina moja tu ya namba. Haitenganishi namba kamili na ya desimali, wala haisemi namba iwe na ukubwa gani. Inachobeba ni mwandiko wa tarakimu, na kila lugha inayousoma huutia katika chombo ilicho nacho.

Namba kamili za Python hukua kadiri kumbukumbu ya kompyuta inavyoruhusu, hivyo tarakimu 20 za NIDA haziisumbui. JavaScript, kwa upande wake, huisoma kila namba ya JSON kama namba ya desimali ya biti 64, ambayo huhifadhi namba kamili zote bila kosa hadi 9007199254740991 tu, yaani tarakimu 16. Ukiipa 9007199254740993, itakusomea 9007199254740992 bila kulalamika. Kwa kuwa namba ya NIDA huanza na mwaka wa kuzaliwa, ya mtu wa 1990 ni kubwa kiasi kwamba thamani mbili jirani ambazo JavaScript inaweza kuzitofautisha huachana kwa 4,096. Hili linanitisha kuliko hizo sifuri, kwa sababu wanachama wawili wenye namba zinazokaribiana wanaweza kusomwa kuwa mtu mmoja, na deni la huyu likaandikwa kwa yule. Java ingekuwa na adabu zaidi: aina yake ya long huishia tarakimu 19, na kuisomea namba ya NIDA huleta kosa linaloonekana.

TypeScript hukagua msimbo kabla haujaendeshwa, kisha aina hizo hufutwa na kubaki JavaScript ileile. Ukitangaza kwamba namba ya mwanachama ni maandishi ilhali seva imeleta namba, itakuamini wewe, kwani haina njia ya kuona kitakachofika kutoka mtandaoni. BigInt, aina ya namba kamili kubwa iliyoingia JavaScript mwaka 2020, ingeimudu namba hiyo, lakini JSON.parse, amri ya JavaScript ya kusoma JSON, haiitumii yenyewe.

Namba ya NIDA haijumlishwi wala haigawanywi, kwa hiyo ihifadhi kama maandishi kwenye hifadhidata, na seva iitume ikiwa ndani ya alama za nukuu. Fanya vivyo hivyo kwa namba za simu, maana JSON hairuhusu namba kamili kuanza na sifuri, na 07 ikisomwa kama namba hubaki 7. Karani akipenda Excel, safu hiyo iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza data, kwa sababu Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba.

Rekodi ambazo ukurasa wa karani umekwisha kuzirudisha kwenye hifadhidata hazirekebishiki kwa hesabu yoyote. Itabidi zilinganishwe moja moja na vitambulisho vya wenyewe.