Maswali yenu: hesabu za tetemeko kubwa la kila mwaka

Eti kuna wataalamu wanachukua tetemeko moja tu kubwa kwa kila mwaka, mengine wanatupa. Si wanapoteza data?

Wanapoteza ndio, ila makusudi. Fungua rekodi za zamani za eneo lolote, makubwa yapo yale madogo huyaoni, na sio kwamba ardhi ilikuwa imetulia, mashine ndo zilikuwa chache, kwahiyo ukihesabu yote utadhani siku hizi ardhi imechachamaa kumbe mashine zimeongezeka tu. Lile kubwa la mwaka si rahisi likose kuandikwa. Halafu tetemeko kubwa huwa linaburuza msururu wa madogo nyuma yake, na huo msururu unaukwepa. Shida ni mwaka wenye makubwa mawili, la pili linaachwa hivihivi. Ndo maana wengine wanaweka kizingiti, kila lililovuka linahesabiwa, na mimi rekodi zikiwa safi napenda hiyo zaidi.

Gumbel ndo nini?

Ni mtu, Emil Julius Gumbel, mwanahisabati mzaliwa wa Ujerumani, hesabu hizohizo za kubwa moja la kila mwaka alizitumia hata kwenye mafuriko. Chukua rekodi za miaka 40, panga makubwa ya kila mwaka kuanzia dogo mpaka kubwa. Lile la juu kabisa linapewa nafasi ya 40 kwa 41 ya kutovukwa, yaani mwaka wowote kuna nafasi kama 1 kati ya 41 ya kulivuka. Fanya hivyo kwa yote, chora kwenye karatasi yenye skeli ya Gumbel, yaani iliyopimwa kufuata hesabu hizo, yakijipanga kwenye mstari ulionyooka mambo safi, unausoma ujue ukubwa gani unavukwa mara ngapi.

Wakisema "mara moja kwa miaka 100" na limepiga mwaka juzi, si tuna miaka 98 ya kupumua?

Hapana jamani! Hiyo ni asilimia 1 kila mwaka, hesabu haikumbuki la juzi. Kwa miaka 50 inafika karibu asilimia 40, na hata kwa miaka 100 ni kama 63, sio 100.

Mstari si unapanda tu, lipo tetemeko la ukubwa wa 12?

Karatasi itakupa hata la 12, miamba haitakupa, maana ukubwa unategemea ufa uliovunjika una urefu gani. Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Chile 1960, 9.5. Wapo wanaotumia aina ya tatu ya hizi hesabu, ambayo ina dari, yaani ukubwa usiovukwa, lakini kuijua hiyo dari kwa rekodi za miaka michache ni kubahatisha. Japani 2011 lilikuja la 9 sehemu ambayo makadirio rasmi yalikuwa chini ya hapo.