Kabla hujakubali kutolewa kizazi kwa sababu ya damu nyingi

Karatasi ya altrasaundi inayosema tu "ana fibroidi", yaani uvimbe wa kizazi usio wa saratani, haitoshi kumpeleka mwanamke chumba cha upasuaji. Inatakiwa ieleze ziko ngapi, zina sentimita ngapi na, kubwa kuliko yote, zimekaa wapi. Fibroidi ya sentimita 2 iliyochomoza ndani ya kizazi inaweza kumvujisha mtu hadi aongezewe damu, na ya sentimita 7 iliyoota upande wa nje isiguse hedhi yake kabisa. Ndiyo maana wataalamu huzipa namba: 0 ni ile iliyomo yote katika nafasi ya ndani ya kizazi, 1 imezama kwenye msuli kwa chini ya nusu, 2 imezama nusu au zaidi, na namba za juu zaidi zimo ndani ya msuli au zimeelekea nje. Njia ya matibabu huchaguliwa na namba hiyo. Ikikosekana, omba altrasaundi ya kupitia ukeni, ikiwezekana ile ya kuingiza maji ya chumvi kwenye kizazi, ifanyike siku chache baada ya hedhi kwisha. Ukuta wa ndani ukishanenepa, polipu, yaani kijinyama kinachoota kwenye ukuta huo, hujificha humo.

Vipimo vingine visirukwe: mimba, wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, na kwa aliyefikisha miaka 45 kukatwa kinyama cha ukuta wa ndani ili kuondoa shaka ya saratani. Hedhi iliyokuwa nzito tangu uvunje ungo inahitaji pia kupimwa kama damu inaganda sawasawa.

Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa 7, anza kuipandisha kabla ya kupanga tarehe. Vidonge vya chuma vimezwe mbali na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku, siku zisizozidi 4 au 5 za damu nzito, hupunguza uvujaji wakati unasubiri. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu asiitumie. Kitanzi cha homoni cha miligramu 52 si upasuaji, ila kinastahili kujaribiwa mapema kama nafasi ya ndani haijapindishwa na fibroidi. Kinahitaji miezi 3 hadi 6. Matone ya miezi ya mwanzo huwachosha wengi, wakakitoa kabla hakijaanza kazi.

Kwa polipu na fibroidi za namba 0, 1 na baadhi ya 2, histeroskopi ndiyo njia ya kuulizia kwanza. Kamera hupita mlango wa kizazi, tumbo haliguswi, na uvimbe hukatwa vipande kwa waya wa umeme. Mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hatari iliyo muhimu kuielewa ni ya maji yanayotumika kutanua kizazi, kwa sababu mengine huingia kwenye damu. Kwa maji ya chumvi, kazi husimamishwa yaliyoingia mwilini yakifika mililita 2,500 kwa mwenye afya njema; kwa glaisini, maji mengine yasiyo na chumvi, ni 1,000 tu, kwani hiyo hushusha sodiamu na ubongo unaweza kuvimba. Kwa hiyo daktari anayeacha nusu ya fibroidi na kukupangia awamu ya pili hajashindwa. Wa kuogopa ni yule ambaye timu yake haihesabu maji.

Kuunguza ukuta wa ndani ndiko kunakosifiwa kupita kiasi. Kifaa cha mawimbi ya redio humaliza ndani ya dakika 2, na mgonjwa husikia habari hiyo tu. Hakimfai anayetaka kuzaa bado, lakini pia si uzazi wa mpango: mimba ikishika baada yake ni ya hatari, kwa hiyo kinga lazima iendelee. Hufeli zaidi kwa wenye umri mdogo na kwa ambao ukuta wa ndani umeota hadi kwenye msuli wa kizazi. Waliofunga mirija wanaweza kupata maumivu ya kila mwezi bila damu kutoka, kwa sababu damu imenaswa kwenye pembe za kizazi nyuma ya kovu. Kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji, peleka taarifa ya mkato ule. Mkato wa wima sehemu ya juu ya kizazi hukufungia njia hii. Baada ya kuunguzwa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa au tumbo kuwa gumu ni safari ya hospitali usiku huohuo, maana huenda utumbo umeungua.

Kuziba mishipa ya damu ya kizazi kulitangazwa kama tiba ya fibroidi na daktari Ravina wa Paris mwaka 1995. Mrija mwembamba hupitishwa kinenani au kwenye kifundo cha mkono, chembe ndogo zikaziba mishipa ya pande zote mbili. Fibroidi hunywea taratibu kwa miezi. Usiku wa kwanza unauma sana, kwa hiyo mpango wa dawa za maumivu uulizwe mapema. Katika utafiti wa EMMY wa Uholanzi, zaidi kidogo ya robo ya waliozibwa walikuwa wameshatolewa kizazi baada ya miaka 5. Anayepanga kuzaa kwa kawaida hushauriwa kuondolewa uvimbe wenyewe.

Kuondoa uvimbe nako hufanyika kwa matundu madogo tumboni, mradi daktari anajua kushona msuli tabaka kwa tabaka. Mshono hafifu unaweza kupasuka katika mimba ijayo. Uliza uvimbe utatolewaje: tangu 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya dhidi ya mashine za kuusaga ndani ya tumbo, kwani saratani iliyojificha husambaa. Fibroidi zikiwa nyingi na kubwa, mkato wa kawaida ni salama zaidi.

Njia yoyote utakayochagua, soma fomu ya ridhaa hadi mstari unaoruhusu kizazi kutolewa damu isipozuilika. Muulize daktari atajaribu nini kwanza kabla ya kufika huko, na damu ya kundi lako ipo tayari chupa ngapi. Uliza siku ya kliniki, si ukiwa umeshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu.