Kabla Hujamwaga Zege Uani: Kutafuta Mabomba na Nyaya Zilizofukiwa

Kazi ndogo ya zege nyumbani, tuseme maegesho ya gari moja ya mita 3 kwa 5, ina hesabu inayojulikana. Kwa unene wa sentimita 10 unapata mita za ujazo 1.5, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 utahitaji mifuko kama 10 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.7 na kokoto 1.3. Chini yake kuna sentimita 15 za kifusi kilichoshindiliwa. Jumla unachimba sentimita 25, na fundi anayeanza hujisemea kwamba hiyo ni juujuu tu. Tatizo ni kwamba kwenye viwanja vingi vya Dar es Salaam bomba la maji limelala kwenye kina hichohicho, pengine pungufu, kwa sababu aliyelifukia alilipwa kwa mita na jua lilikuwa kali.

Anza na taasisi. Tanzania huna namba moja ya kupiga ikakukusanyia wote, hivyo unagonga kila mlango: TANESCO kwa umeme, DAWASA au mamlaka ya maji ya mji wako kwa maji na majitaka, na kampuni ya simu kama kuna kebo ya intaneti inayopita ukingoni mwa kiwanja. Baadhi ya nyumba za Mikocheni na Mtwara zina gesi asilia ya bomba. Huko TPDC, shirika la mafuta na gesi, iwe ya kwanza. Beba mchoro mdogo wa mahali unapotaka kuchimba na kina chake. Ukiwa Marekani mambo ni mepesi: unapiga 811 bure siku chache kabla, wanakuja kupaka rangi ardhini, nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, buluu kwa maji ya kunywa, kijani kwa majitaka, chungwa kwa simu na intaneti.

Lakini kote huko, ramani ya taasisi kwa kawaida huishia kwenye mita ya maji au ya umeme. Kuanzia mita kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba, na mara nyingi mchoro wake ulikuwa kichwani mwa fundi aliyeondoka zamani. Hiyo sehemu ndiyo inayoumiza mafundi, na ndiyo unayopaswa kuitafuta mwenyewe.

Njia ya kuitafuta ni kuuliza swali moja kwa kila kitu kilichopo uani: wewe unakula nini, na kinakufikiaje? Taa ya geti inakula umeme. Kama hakuna waya unaopita hewani wala ukutani, umepita chini. Pampu ya kisima ina umeme unaoenda na maji yanayorudi, kwa hiyo hapo hesabu njia mbili. Tanki la juu lina bomba la kupandisha na la kushusha. Banda la uani lina umeme, maji na choo. Bomba la bustani, kamera, injini ya geti la kuteleza, kengele. Ziandike zote, kisha kwa kila kimoja chora mstari kutoka chanzo mpaka kituo. Mafundi hupenda njia fupi, kwa hiyo mstari ulionyooka ndio dhana ya kwanza. Kufuata ukuta ndiyo ya pili.

Majitaka yanapimika kabisa, usiyakisie. Mwaga ndoo ya maji chooni huku mwenzako ameinamia chemba iliyofunguliwa, ujue choo kipi kinatokea wapi. Kati ya chemba na chemba bomba hunyooka. Pima kina cha sakafu ya bomba katika chemba zote mbili. Tuseme ya kwanza ni sentimita 35, ya pili 50, na umbali ni mita 6: bomba linashuka sentimita 2.5 kila mita. Mita 4 kutoka ya kwanza, sakafu ya bomba iko kwenye sentimita 45. Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha nje cha sentimita 11, basi mgongo wake uko kwenye 34. Ukichimba 25, umebakiwa na sentimita 9 za udongo. Mtaimbo unazimaliza kwa pigo moja.

Kwa maji, funga koki zote na utazame dira, yaani mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, bomba limeshavuja kabla hujagusa, na mwenye nyumba alione siku hiyohiyo ili lisije likawa deni lako. Jaribu pia geti valvu, ile ya kufungia maji yote, iliyo karibu na dira. Zile za zamani hukwama, na hutaki kuligundua hilo wakati maji yanaruka.

Umeme una jambo moja ambalo wanaoanza hulikosea kila mara. Kuzima meni swichi kunakata kile kilicho baada ya meni swichi tu. Kebo inayotoka kwenye nguzo kuja kwenye Luku, yaani mita ya umeme, inabaki na moto, hata uniti zikiwa zimekwisha na nyumba nzima giza. Hiyo haiguswi bila TANESCO. Iliyolazwa vizuri utaitambua kabla hujaifikia: utepe wa onyo, matofali au vigae vilivyopangwa, kisha mchanga safi. Ukiwa unachimba mfinyanzi na ghafla ukakuta mchanga wa mto, simama. Ile ya kwenda geti au bandani, kwa upande mwingine, mara nyingi ni waya wa kawaida wa ndani ya nyumba uliotupwa mtaroni bila ganda wala utepe.

Usisahau fimbo ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, na waya wake wa shaba karibu na ukuta wa mita. Ukiukata, taa zitaendelea kuwaka na hakuna atakayejua, mpaka siku friji itakapomrusha mtu.

Vifaa vya kutafuta nyaya? Kile kidogo cha kupimia ukutani huona sentimita chache tu, hakifai ardhini. Vile vya kitaalamu vilivyozoeleka hufuata umeme na chuma. Bomba la plastiki, iwe PPR au PVC, halionekani humo. Kifaa kikinyamaza haina maana hapo chini ni salama.

Kinachothibitisha ni mtaro wa majaribio. Chora eneo la kazi kwa chokaa, kisha chimba mitaro miembamba inayokatiza ile mistari uliyoidhania, upana wa chepe moja, kina cha sentimita 10 zaidi ya unachokusudia. Nusu mita kila upande wa mstari, sululu na mtaimbo viwekwe kando. Tumia chepe, ukikwangua kwa kulala na si kwa kuchoma. Kwa mashimo ya nguzo, ya sentimita 60 au 80, kila shimo linahitaji uchunguzi wake. Kuwa mawili yalikuwa salama hakusemi lolote kuhusu la tatu.

Sikiliza ardhi pia. Ikilia kama ngoma unapoikanyaga, hapo pengine pana shimo la choo cha zamani lililofunikwa, na zege lako la sentimita 10 litaning'inia juu yake mpaka gari lipande.

Chombo kikinasa kwenye waya, kiache hapohapo, usikichomoe. Ondoka, zuia watu, na kama mtaro una maji asiingie mtu. Bomba la maji likipasuka funga valvu. PPR ya nusu inchi ni milimita 20 kwa nje na ya robo tatu ni 25. Uwe na maungio ya saizi zote mbili na mashine ya kuchomelea siku ya kuchimba, maana PPR kwa kawaida huungwa kwa kuchomelewa.

Bomba lisilohamishika lipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi chini ya zege, bila kiungo katikati. Kabla ya kumwaga, fungulia valvu, funga koki zote, na uangalie dira kwa nusu saa. Piga picha mtaro ukiwa wazi na tepu ikiwa imenyooshwa, pima kila kona ya njia kutoka pembe mbili za nyumba, na nakala ya mchoro huo ibandikwe ndani ya kisanduku cha meni swichi.