Matuta tumeyapata, na hakuna aliyehongwa

Tangu matuta yawekwe kwenye barabara ya mtaa wetu hapa Malindi, simu yangu haitulii. Juzi dada mmoja wa upande wa Mambrui ameniandikia: "Kaka, watoto wetu wanavuka barabara kuu ya Garsen roho mkononi. Nyinyi mlimpa nani pesa?" Nilicheka, kisha nikaudhika, maana swali hilohilo nimeulizwa hapa mtaani na watu waliokuwa wakiniona kila mara nikipita na bahasha kwapani.

Hatukumpa mtu hata senti. Sikilizeni.

Barabara yenyewe mnaijua aina yake. Huku shule ya msingi, kule madrasa, na katikati kona ambapo mama mmoja anauza mahamri na mbaazi tangu alfajiri. Ilipotiwa lami tulishangilia. Lami ikaleta mbio. Tuktuk zilizokuwa zikitambaa kwa sababu ya mashimo zikaanza kukata kona bila breki, na bodaboda ndiyo usiseme. Jioni moja mtoto wa jirani alitoka madrasa akagongwa na pikipiki, akavunjika paja. Alianguka hatua moja tu kutoka kwenye karai la mafuta ya moto. Vijana walitaka kuichoma ile pikipiki, wazee wakawazuia. Watu wakasema serikali ifanye kitu, halafu kila mtu akaenda kwake.

Mimi nikaenda ofisini. Ofisi ya kwanza wakaniambia hiyo si barabara yetu. Ya pili nao hivyohivyo, tena bila kuniangalia usoni. Hapo ndipo nilipoketi nikaisoma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Barabara za kaunti, taa za barabarani, msongamano na maegesho ni kazi ya kaunti. Barabara kuu za kitaifa zina mamlaka zake, na hii barabara kuu ya Mombasa hadi hapa kwetu ni ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, kwa hivyo dereva anayekimbia ni wa kupelekewa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, lakini tuta analiweka mwenye barabara. Usipoyajua haya utazungushwa mpaka uchoke, na kuchoka kwako ndiko wanakokungoja.

Basi nikaandika barua kwa kaunti. Si ya matusi. Nikaeleza mahali, nikaweka picha za ile kona saa watoto wanapotoka, nikaweka nambari ya OB ya ajali, yaani ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Mwalimu mkuu akatia sahihi, maalim akatia sahihi, na mama wa mahamri akaweka dole gumba, unga ukabaki kwenye karatasi. Nakala yangu nikaigongesha muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Muhuri huo ndio uliotuokoa. Niliporudi kuulizia, karani alisema barua haionekani, pengine sikuileta. Nikampa nakala. Aliigeuza, akausoma muhuri, akanyanyuka polepole akaingia chumba cha ndani. Alitoka na faili. Barua yetu ilikuwa juu kabisa. Nikampa na ya pili, ya kuomba kujua uamuzi umefikia wapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu, na nilikuwa nimeitaja sheria hiyo kwa wino mzito.

Yaliyofuata ni kungoja, hayana utamu, nayaruka.

Siku ya kuzinduliwa matuta alikuja mheshimiwa na mpiga picha. Kulikuwa na hotuba na makofi. Jina langu halikutajwa. Sijali. (Nimejali.) Lililoniuma zaidi ni majirani waliokuwa wakinong'ona kwamba nautafuta udiwani, na siku ile ndio waliosimama mbele kabisa kwenye picha.

Ndiyo maana leo nasema bila haya: ndugu zangu, tunapenda sana kulalamika na hatupendi kuandika. Kwenye makundi ya WhatsApp sisi ni simba. Ukiitishwa mkutano wa maoni kuhusu bajeti, viti vya mbele ni vya wanaokuja kwa ajili ya soda. Bunge la Kaunti ya Kilifi liko papa hapa Malindi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kulipelekea ombi rasmi. Wangapi wetu tumewahi kulipeleka? Andikeni. Wekeni nakala. Andikeni tena.

Na vijana, tafadhali, msijitengenezee matuta kwa saruji usiku. Nawajua mnaofanya hivyo. Tuta lisilo na rangi wala alama ni ajali nyingine kwa mwenye pikipiki anayerudi gizani, na sheria hairuhusu mtu kuigusa barabara bila idhini. Hata yetu ya halali hayajakamilika: yameacha upenyo upande wa mtaro, na bodaboda wameshaujua. Barua ya hilo iko njiani.

Sasa wewe dada wa Mambrui. Yako si barabara ya mtaa, ni barabara kuu, kwa hivyo ombi la tuta au kivuko liende KeNHA, si kwa msimamizi wa wadi. Taa za barabara za ndani huko kijijini ni za kaunti, na hapo angalia kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka sharti ufikishwe kwenye bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, kwa hivyo ukipeleka barua Oktoba umeukosa mwaka mzima. Rasimu nitumie niipitie, sitozi kitu. Sahihi utafute mwenyewe, mimi huko simjui mtu.