Waifai kwenye chumba cha watoto: yaliyotukuta sisi

Dada, umeuliza kama muweke waifai kwenye maktaba ya watoto mnayofungua mtaani, maana mzazi mmoja kawatisha na habari za mionzi. Nimejitolea miaka mitatu kwenye chumba cha kusomea watoto huku Morogoro na ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, niliifunga mwenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Huyo mzazi msimpuuze. Ufaransa wana sheria ya Januari 2015: kwenye vituo vya kulelea watoto, vyumba vya walio chini ya miaka 3 haviwekwi waifai, na madarasa ya shule za msingi huizima kama hakuna somo linaloihitaji. Si kwamba madhara yamethibitishwa, ni tahadhari. Nanyi ifungeni juu ukutani, mbali na mkeka wa wadogo, mzime isipokuwa na kazi.

Kilichotuumiza sisi ni kingine kabisa. Nilichukua ruta yenye nguvu, inashika mpaka barabarani. Wiki mbili hazijaisha, nywila mtaa mzima wanayo. Jioni vijana wakubwa wamejaa kwenye bembea, simu mkononi, pikipiki imeegeshwa kwenye mchanga wa watoto. Kuna binti wa miaka 8 hivi, alikuwa hakosi siku. Akawa anafika getini, anachungulia, anageuza na daftari lake kifuani. Iliniuma sana. Pale ni pao, na mimi ndiye niliyewafukuza.

Nikazima masafa ya gigahezi 2.4, yale yanayopenya kuta kirahisi, nikabakiza 5 na kupunguza nguvu ya kurusha. Nje ya ukuta ikawa haishiki. Saa 11 jioni inajizima yenyewe. Vijana wakaondoka bila ugomvi, na binti akarudi. Ila kagueni tableti zenu kwanza. Zetu mbili za zamani hazikushika hiyo 5.

Kuchuja picha chafu, kwenye ruta wekeni DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) ya 1.1.1.3 ya kampuni ya Cloudflare, ni bure. Mwenye VPN, programu inayopitisha intaneti njia nyingine, anaikwepa, kwa hiyo mtu mzima akae humo humo chumbani.

Na kama hela ni ndogo, pakueni Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix. Wanasoma bila bando, intaneti ije baadaye. Mkishapata ruta niambie ni aina gani, nitakuelekeza hatua kwa hatua.