Pazia la maji kwenye bwawa la bustani: anza na pampu, taa zitafuata

Mkuu, umesema bwawa lako ni mita 3 kwa 2, kina sentimita 60, ukuta umepanda mita moja juu ya maji, na fundi amekuhakikishia kwamba kwa kile kimdomo cha stenlesi cha sentimita 60 (kile cha kumwagia maji kutoka ukutani), pampu ya lita 3,000 kwa saa inatosha. Haitoshi. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikanunua ya 4,000, na siku ya kuwasha nikaita hadi majirani. Maji yakatoka yakiulamba ukuta kama udenda wa mtoto. Hakuna pazia, ni michirizi mitatu tu, na shemeji yangu akauliza kama bomba limepasuka.

Hesabu ninayoitumia sasa ni hii: kila sentimita ya upana wa mdomo inataka kama lita 150 kwa saa ndipo maji yashikane yawe shuka moja. Kwa sentimita 60 ni lita 9,000. Ukitaka yaruke mbele zaidi, nenda hadi 12,000. Hizo ni lita zinazofika mdomoni, siyo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Namba ya kwenye boksi ni ya pampu ambayo haipandishi maji popote, ukiyapandisha, zinapungua. Mle ndani kuna mchoro unaoonyesha lita kwa kila mita ya kupanda, huo ndio wa kusoma. Na kimo kinapimwa kutoka usawa wa maji ya bwawa hadi mdomoni, siyo kutoka pale pampu ilipolala chini. Nilibishana na fundi wangu nusu siku kwa hilo.

Usinunue kwa kuamini maneno. Jaribu kwa ndoo: unganisha pampu na bomba lile lile utakalotumia, inua mwisho wake hadi kimo cha ukuta, jaza ndoo ya lita 20. Lita 9,000 kwa saa zinaijaza kwa sekunde 8. Yangu ya kwanza ilichukua zaidi ya nusu dakika, maana fundi alikuwa ameweka bomba la robo tatu ya inchi lenye viwiko vinne. Pampu ilikuwa inasukuma maji kwenye mrija wa soda! Nilibadilisha yote mawili, nikaweka inchi moja na nusu, viwiko viwili, na koki kabla ya mdomo ili niongeze au nipunguze.

Kilichonitoa jasho kuliko yote ni pimamaji. Mdomo uliwekwa kwa macho, ukalala upande wa kushoto milimita nne hivi. Milimita nne huzioni, ila maji yanaziona: yote yalikimbilia kushoto, kulia pakavu. Ilibidi tuvunje ukuta uliokwisha kubandikwa mawe. Kwa hiyo funga mdomo, hakikisha umetokeza mbele ya mawe yatakayobandikwa (sentimita tatu nne), washa maji siku mbili mfululizo, angalia kama nyuma panavuja, ndipo uplasti. Yule atakayekuja kubandika mawe asubiri, hata kama anadai siku zake.

Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi kama sisi huku Kigamboni, uliza namba ya chuma. Stenlesi ya 304 ilinitokea madoadoa ya kutu; 316 inavumilia zaidi. Chokaa inayoganda kwenye ukingo hulipasua pazia vipandevipande. Kitambaa chenye siki kinaitoa.

Upepo nao. Maji yakianguka mita moja, bwawa lifike mbele angalau mita moja kutoka ukutani, la sivyo kila jioni unamwagilia sakafu na bwawa linapungua, nawe unatafuta ufa usiokuwepo.

Sasa taa. Hapa sitanii. Mtu wa kwanza kunifungia alitumia taa za kawaida za bustani, umeme wa moja kwa moja wa ukutani, kiungio kimezungushiwa selotepu. Usiku nikaingiza mkono kuokota jani, nikasikia kama sisimizi wananitembea. Nilizima swichi kuu na sikuiwasha hadi kila kitu kilipong'olewa. Weka LED za volti 12 zenye alama ya IP68 (yaani zinaweza kukaa ndani ya maji), transfoma iwe mbali na bwawa, juu na mahali pasipofika mvua. Pampu yenyewe kwa kawaida ni ya volti 230, kwa hiyo saketi yake ipitie kikata umeme cha miliampia 30 kinachojizima umeme ukivuja, na erthi ya kweli. Waya upite ndani ya bomba lake.

Taa mbili za wati 6 zinakutosha. Ziweke chini kabisa, karibu na pale maji yanapoangukia, zikitazama juu. Mwanga unashika mapovu na pazia zima linawaka. Zisitazame viti, zitawaumiza wageni macho. Mwanga wa njano ndio ninaoupenda, ile ya kubadilika rangi inageuza bustani kuwa baa. Bakiza waya mrefu umejikunja majini, ili uinue taa na kuifuta ukungu wa kijani bila kukata kitu.

Bili: pampu ya wati 100 ikikesha ni uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Kwa mteja wa matumizi madogo wa TANESCO, hapo uniti 75 za bei nafuu karibu zimeisha. Mimi nina kipima saa, inawaka saa 11 jioni hadi saa 4 usiku. Kama utafuga sato, waachie kipampu kidogo cha hewa mchana na usiku.

Kabla hujafanya lolote, piga picha nyuma ya huo ukuta utuwekee hapa. Nataka kuona bomba alilokwisha kulizika ni la inchi ngapi.